Saa Tatu ya Chombo

Tarehe 3 Februari

Kwako Kinasa,

Ukiona mwandiko huu unayumba, usidhani ni hila ya mtu anayejificha. Ni mkono wa mzee wa miaka themanini na minne. Anwani yako nimepewa na dereva wetu wa zamani wa gari la zamu, ambaye mpaka leo anakumbuka kila mtu alikuwa akishukia wapi. Ndiye aliyenieleza kwamba uko hospitalini, chumba cha eksirei, unapiga picha za mifupa ya watu. Nilicheka kidogo, kisha nikatafuta kalamu.

Mimi ni Desimali, mkuu wako wa zamu. Najua mliniita hivyo nyuma ya mgongo wangu kwa kuwa sikukubali namba isiyo na nukta. Hata mama wa kantini alikuwa akiniuliza, "Chai kikombe kimoja nukta ngapi, Mkuu?"

Moyo wangu umechoka. Daktari alilisema hilo kistaarabu, lakini makaratasi nilisoma mwenyewe. Nimebakiwa na miezi, labda wiki. Kwa hiyo nitalisema jambo langu sasa hivi, maana nimelizunguka miaka thelathini na moja.

Unaukumbuka ukurasa wa daftari la zamu waliokuonyesha mbele ya kamati. Wino wa bluu, mwandiko wako: "Mkuu kwa simu: kifuniko kifungwe kesho saa tatu ya chombo." Mwenyekiti alikuuliza kama mwandiko ule ni wako. Uliutazama kwa muda mrefu, ukasema ni wako. Akakuuliza kwa nini basi ulifunga saa tatu ya nyumbani. Ukasema, "Sijui." Nilikuwa nimekaa viti viwili kutoka kwako.

Kinasa, hukuandika "ya chombo." Uliandika "saa tatu," ukaishia hapo, na nukta hukuweka kwa sababu hukuzipenda nukta zangu. Nafasi ikabaki. Maneno yale mawili niliyaongeza mimi, siku ile ile jicho la chombo lilipoungua, kwa kalamu yako mwenyewe uliyoiacha mezani. Nilijaribu kwanza mara nne kwenye karatasi ya pembeni, mpaka nikaipata ile h yako yenye mgongo.

Mengine unayajua, lakini nayaandika ili yakae mahali pamoja. Chombo chetu kilikuwa juu angani, nje ya hewa, kwa sababu miale ya eksirei inayotoka kwa nyota haifiki chini; hewa inaimeza yote. Siku ile nyota moja iliyokufa, inayomla mwenzake pole pole, ililipuka ghafla kwa mwanga wa eksirei, nami nikabadili ratiba ili tuiwahi. Njia ya kugeukia kule ilipita karibu mno na jua. Ulinzi wa kujifunga wenyewe nilikuwa nimeuzima wiki moja kabla kwa sababu ulikuwa ukijifunga ovyo. Basi kifuniko cha jicho kilipaswa kufungwa kwa amri ya mkono, saa tatu ya chombo, yaani saa kumi na mbili asubuhi kwetu. Nilipiga simu nikiwa nje ya ofisi kwa shughuli muhimu. Nilikuuliza gari la zamu litakuchukua saa ngapi kesho. Ukasema saa kumi na moja alfajiri. Nikasema, "Haya. Kifuniko kifungwe saa tatu." Nikakata.

Kanuni niliitunga mimi mwenyewe, nikaibandika ukutani: SAA ISIYO NA MWENYEWE SI SAA. Kila saa itajwe kuwa ni ya chombo au ya nyumbani. Na mimi niliyeitunga nilikutajia saa yatima, tena katikati ya mazungumzo ya saa za nyumbani. Mtu yeyote angesikia ulivyosikia. Ulifunga saa tatu ya asubuhi. Kufikia hapo utando wa jicho ulikuwa umeungua zamani, na chombo kikazunguka dunia miaka sita kikiwa kipofu.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilinifikisha kwenye pensheni kamili.

Nakuomba radhi.

Desimali


Tarehe 19 Februari

Mzee,

Shikamoo. Nakupa kwa ajili ya umri wako, si kwa jambo lingine.

Usiniite Kinasa. Jina lile mlinipa kwa sababu nilikuwa nikisikia jambo mara moja tu, sirudishi swali. Unajua hapa hospitalini wananiitaje? Mama Rudia. Mgonjwa akitaja jina lake namwambia rudia. Akisema mkono wa kushoto namwambia rudia, niguse. Vijana wa mapokezi wananiigiza, "Rudia, mama, rudia!" Nacheka nao. Hawajui.

Ulidhani umeninyang'anya kazi. Kazi ni kitu gani? Kazi nilipata nyingine. Mwenyekiti aliponiuliza kama mwandiko ni wangu, nilikuwa na hakika kabisa kwamba sikusikia "ya chombo." Hakika, Mzee. Halafu nikaona mkono wangu umeandika. Kati ya masikio yangu na mkono wangu, mmoja ni mwongo, na mkono uko kwenye karatasi. Kuanzia siku ile sijawahi kubishana na mtu yeyote kuhusu lolote nililolisikia. Nilikwenda kupimwa masikio. Nilikwenda kupimwa kichwa.

Mama yangu alipokuwa mahututi aliniambia, tukiwa wawili chumbani, kwamba alazwe kando ya mama yake. Kaka zangu wakasema hakusema hivyo, alitaka alazwe kwa upande wa baba. Kaka mkubwa akaniuliza mbele ya watu, "Una hakika ulisikia vizuri?" Nikasema huenda nilisikia vibaya. Wakamzika walikotaka wao. Sasa unaniletea radhi kwenye bahasha.

Nami nitasema langu, kwa sababu umesema lako. Ningeweza kuuliza. Niliposhika simu kulikuwa na kitu kidogo moyoni kilichosema, uliza, saa ya nani? Sikuuliza kwa ajili ya lile jina. Hilo ni langu na nitalibeba. Lakini ni langu lile tu.

Msamaha usiniombe kwanza. Nenda ofisini. Waambie wafungue ile ripoti, waandike ukweli mahali palipoandikwa jina langu. Kila mtu anayejifunza kazi ile anasomeshwa ripoti ile. Binti wa jirani yangu alisomeshwa, akaja kuniambia habari za "mama mmoja mzembe" bila kujua anazungumza na nani.

Na swali moja. Shughuli muhimu ilikuwa ipi?

Mpiga eksirei, chumba namba mbili


Tarehe 2 Machi

Kwako Bibi,

Nilikuwa kwa fundi cherehani. Napimwa suti. Walikuwa wamenidokeza kwamba nitapandishwa cheo, nami sikutaka kupokea cheo na koti lililopauka viwiko. Nilikupigia kwa simu ya fundi, yeye akiwa amenizungushia futi kifuani, pini mdomoni, ananiambia, "Usipumue, mzee." Ndiyo maana sentensi yangu ilikuwa fupi.

Habari ya mama yako nimeisoma mara moja tu. Sikuweza kurudia.

Kuhusu ofisi, naomba univumilie kidogo. Mwisho wa mwezi huu wanarusha chombo kipya, chenye jicho mara kumi ya letu, na chumba cha kukiongozea wamekipa jina langu. Kibao kiko mlangoni tayari, walinitumia picha. Mwanangu ameichapisha, ameitundika ofisini kwake. Yuko mbali, hupiga simu Jumapili moja na kuruka moja, na safari hii aliongea nami dakika ishirini nzima. Hatujawahi kufika ishirini tangu mama yake afariki. Vijana wale wana wasiwasi mwingi kabla ya kurusha, sitaki kuwaongezea.

Nimefikiri njia nyingine. Nimeandika maelezo yote, nimeyatia lakiri, nimeyaacha kwa wakili. Yatafunguliwa nikishakufa. Hayatapungua neno.

Hapa naishi ghorofa ya tatu na lifti ni mbovu tangu mwaka juzi. Muuguzi huja Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Siku nyingine nasikiliza miguu ya watu kwenye ngazi, inafika ghorofa ya pili na kuishia hapo.

Desimali


Tarehe 9 Machi

Mzee,

Maiti haulizwi maswali. Mimi niliulizwa, nikiwa hai, siku mbili mfululizo.

Suti ilikukaa vizuri, naikumbuka. Ya kijivu.

Usiniandikie tena mpaka uwe umetoka ofisini.


Tarehe 21 Aprili

Kwako Bibi,

Nimetoka ofisini. Nilisubiri mpaka chombo kiruke na kifike salama, hilo nakiri. Kisha nikajipa wiki mbili za kuumwa, na wiki moja kati ya hizo nilikuwa siumwi. Hilo nalo nakiri.

Muuguzi na fundi mwashi wa ghorofa ya chini walinibeba juu ya kiti kwenye ngazi. Mwashi akasema, "Mzee, nimewahi kubeba simenti nzito kuliko wewe, ila simenti haitoi maelekezo." Mkurugenzi wa sasa ni binti, angeweza kuwa mjukuu wangu. Alinipokea mlangoni mwa kile chumba, chini ya kibao. Nilimwambia kabla hajaniletea chai. Nilisema yote: simu, fundi, kalamu, maneno mawili.

Aliwaita wenzake wanne. Wakaleta daftari kutoka stoo. Nikauona tena ule ukurasa, nikawaonyesha yalipoanzia maneno yangu. Wakaukaribia, wakauinua kwenye taa, hawakuona tofauti. Niliiga vizuri mno. Basi mmoja akanipa karatasi na kalamu. "Tuandikie hapa, Mzee. Andika 'ya chombo.'"

Nikaandika. Umeuona mwandiko wangu wa leo. Ilikuwa kama kuku aliyekanyaga wino. Wakaitazama ile karatasi, wakatazamana, na mkurugenzi akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mzee wetu," akasema, "wewe ni mtu wa huruma. Unataka kumbebea mwenzako mzigo kabla hujaondoka. Watu kama nyie hawapo tena." Kijana mmoja alikuwa anafuta machozi. Bibi, walinisifu! Nilikwenda kujianika nikarudishwa nyumbani kwa gari la ofisi, na kalenda nikapewa.

Ningeweza kuishia hapo na kukuambia nimejaribu. Barua hiyo niliiandika pia. Iko hapa mezani, ni nzuri kuliko hii, nami ninaichana.

Haya ndiyo ambayo sikukuambia Februari. Daftari lile lilikuwa na karatasi ya kaboni. Kila ulichoandika juu kilitoka kwenye nakala ya chini, na mimi niliongeza maneno yangu baada ya kuing'oa ile nakala. Mbele ya kamati nilisema imepotea. Haikupotea. Nilikusudia kuichoma, nikashindwa. Labda mtu aliyezoea kutunza data hawezi kuzichoma hata zikiwa za kumhukumu. Nimehama nayo nyumba tatu. Siku ile ofisini ilikuwa mfukoni mwangu, kifuani, imekunjwa mara mbili. Niliibeba makusudi, ili wakinishuku niitoe. Hawakunishuku kwa uovu, walinishuku kwa wema, na hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Mkono ulifika mfukoni. Nikaugusa ukingo wa karatasi. Kisha nikaomba sukari.

Njiani kurudi nilikuwa na furaha. Hilo ndilo ungamo langu, hayo mengine yalikuwa utangulizi tu. Nilifurahi kutoaminiwa. Nilipumua vizuri kuliko nilivyopumua mwaka mzima. Nilipofikishwa kitandani ndipo nikajua kwamba nikipewa wiki nyingine, au mwaka mwingine, nitafanya vile vile. Kwamba mtu aliyeongeza yale maneno mawili hakuwa mtu mwingine mwenye tamaa ya cheo aliyepita zake. Ni mimi huyu, bado nimo.

Kwa hiyo nakala naiweka ndani ya bahasha hii. Sijiamini kulala nayo tena. Muuguzi yuko hapa amesimama na koti lake, anasubiri aipeleke posta mbele ya macho yangu, nitamtazama kutoka dirishani. Ifanyie utakavyo.

Mwanangu nimempigia mimi, safari hii. Nilimweleza. Aliuliza, "Baba, umekunywa dawa zako?" Kisha akasema anaingia kikaoni.

Siombi kitu.

Desimali


Tarehe 15 Mei

Mzee,

Shikamoo.

Nimempigia muuguzi wako, amesema kalamu huwezi tena, ila masikio yako mazima na akili yako kali kama wembe. Basi atakusomea. Dada, soma taratibu, na usiruke mahali ukidhani patamuumiza.

Nakala ilinifikia Ijumaa. Nilikaa nayo siku nne bila kuikunjua. Niliogopa kwamba nikiifungua nitakuta "ya chombo" imeandikwa, kwa mkono wangu, na wewe ni mzee uliyechanganyikiwa. Unaona ulichonifanya? Hata ungamo lako sikuweza kuliamini mpaka niwe na ujasiri wa kusoma maneno yangu mwenyewe.

Siku ya tano, wakati wa mapumziko ya mchana, niliingia chumba namba mbili, nikaliwasha lile sanduku la taa tunalosomea picha, nikaikunjua juu yake kama mguu wa mtu. "Mkuu kwa simu: kifuniko kifungwe kesho saa tatu", bila nukta. Baada ya hapo ni karatasi tupu. Nilipitisha kidole. Mgonjwa aliyekuwa nje akagonga, "Mama, zamu yangu haijafika?" Nikamwambia ingia. Akataja jina lake, nikaandika. Sikumwambia arudie.

Ofisini nilikwenda peke yangu. Mkurugenzi alianza kwa kuniambia habari za huruma yako. Nilimwacha amalize, kisha nikaweka nakala juu ya ukurasa. Zilikaa sawasawa, mstari juu ya mstari, mpaka kwenye neno langu la mwisho. Akasema, "Alitia mkono mfukoni, halafu akaomba sukari." Nikamwambia najua.

Ripoti imerekebishwa. Nimepewa nakala yenye muhuri. Hawakuandika "kutoelewana" kama yule bwana wao wa sheria alivyotaka, nilikaa pale kwenye kiti mpaka walipoandika "maneno yaliongezwa na mkuu wa zamu." Na lile la ulinzi kuzimwa nalo wameliweka. Kibao cha mlangoni wamekiondoa. Sikuwaomba, wala sikuwakataza. Fundi alikuwa anafungua skurubu nami nimesimama pale, na nilidhani nitafurahi. Palibaki matundu manne ukutani, basi.

Kaka zangu bado sijawaambia. Mmoja ameshafariki. Mambo mengine hayarekebishiki kwa muhuri, ujue hivyo.

Kukusamehe, sijakusamehe. Nisingependa uondoke ukidhani hivyo, kwa sababu tumeshadanganyana vya kutosha. Huenda siku moja nitaamka na kukuta nimeshakusamehe. Siwezi kuiharakisha siku hiyo kwa sababu moyo wako umechoka.

Lakini kuna jambo lingine, na ndilo lililonifanya nikuandikie.

Mkurugenzi aliniuliza kama kuna kitu kingine wanaweza kunifanyia. Nilisema nataka kukaa kwenye kile chumba, kimya, niangalie. Wakanipa kiti. Wale watoto wamefunga kipaza sauti kidogo kwenye mitambo yao. Kila punje ya mwanga wa eksirei inapoingia kwenye jicho la chombo, kinalia, tik. Walikuwa wameelekeza jicho kwenye kitu hafifu sana, mbali kupita hesabu, shimo jeusi lisilo na chochote karibu nalo isipokuwa moshi kidogo linaoumeza. Tik. Halafu kimya kirefu. Tik. Nikafumba macho, nikahesabu kwa sikio dakika nzima. Nikapata kumi na saba. Nilipofumbua macho, nikamwomba kijana wa zamu anionyeshe hesabu ya dakika ile kwenye skrini.

Kumi na saba.

Nilitaka kumwambia mtu. Kijana wa zamu aliitikia tu kwa kichwa, kwake ilikuwa namba kama namba nyingine. Nikifika nyumbani wanangu watasema hongera, mama, kisha watarudi kwenye simu zao. Marehemu mume wangu aliamini mpaka mwisho kwamba mimi ni mtu wa kusahau. Nilirudi na basi, nimekaa dirishani, nikiwapanga mmoja mmoja watu wote ninaowajua, nikitafuta ambaye nikimwambia "kumi na saba" ataweka chini alichoshika. Hakuna, Mzee. Duniani kote yuko mmoja tu, na ndiye aliyenifanya nikose wengine.

Kumi na saba. Nilizisikia zote.

Mpiga eksirei, chumba namba mbili